Katika Nyayo za Dripu Nzito

Nyarugusu, mkoani Geita, mtu aliyefukiwa na kifusi duarani, yaani ndani ya shimo la wachimba dhahabu, akitolewa hai, wenzake huuliza kwanza: ametundikiwa dripu? Hawaulizi damu. Hawaulizi oksijeni. Dripu ikishaning'inia, watu wanashusha pumzi. Mgusu na Rwamgasa ni hivyo hivyo, na ukivuka kwenda Kahama na Shinyanga mjini, wazee wanaongeza jambo ambalo vijana wengi hawalijui: zamani kulikuwa na dripu mbili. Moja nyepesi, ya chumvi. Nyingine nzito, yenye umanjano kwa mbali, iliyofungiwa kabatini kwa ajili ya mahututi. Hiyo nzito, wanasema, iliinua moyo. Ilikuwa kitu gani, na nani aliwahi kuthibitisha kwamba iliinua chochote?

Niliyemwendea kwanza ni dresa mstaafu, pembeni mwa mji wa Shinyanga. Nilimwamkia, akaitikia, akataka kujua kwanza kama mvua kwetu zimeanza. Ndipo tukafika kwenye dripu. "Mwanangu, ile ya chumvi ilikuwa inapita tu, kama maji kwenye mchanga. Ile nzito ukimtundikia mtu, mapigo unayasikia yanarudi chini ya vidole." Nikamuuliza: na hao ambao mapigo yalirudi, walikwenda nyumbani? Akanyamaza kidogo. "Wengine walikwenda. Wengine mapigo yalirudi, tukamshukuru Mungu, na alfajiri wakaondoka." Shahidi mwenyewe anatenganisha mapigo kurudi na mtu kupona. Mbona simulizi inayotembea mitaani haitenganishi?

Nikatafuta maandishi. Daftari la stoo ya zahanati moja ya zamani, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni, lilikuwa na chumvi, glukosi na Ringa, mwezi baada ya mwezi. Mstari mmoja tu ulisema dekstrani 70. Idadi ya chupa ipo, sahihi ya aliyepokea ipo, mgonjwa hayupo. Daftari la stoo linakuambia kilichotoka kabatini. Halikuambii kiliingia kwenye mshipa wa nani wala aliamkaje kesho yake. Njia ya kwanza ikafia hapo, lakini jina nimelipata. Hii dekstrani ilitoka wapi hadi ikafika Usukumani?

Ilitoka Sweden, miaka ya 1940. Wanakemia wa Uppsala walikuwa wakichunguza juisi ya viazisukari vya huko, iliyoganda na kuwa ute kwa sababu ya bakteria. Ule ute ni mnyororo mrefu wa sukari. Ukiukata vipande vya kadiri na kuuchanganya na maji ya chumvi, unapata kimiminika ambacho hakikimbii haraka kutoka kwenye mishipa ya damu. Wataalamu wanaviita vimiminika vya jamii hiyo koloidi: dekstrani, jelatini iliyotolewa kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe, wanga wa mahindi uliobadilishwa kikemia, na albumini, protini inayochujwa kutoka damu ya watu waliojitolea. Dekstrani 70 ilikaa miaka mingi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na orodha hiyo ndiyo iliyoongoza stoo nyingi za nchi kama yetu. Lakini wazo la kuufanya mshipa ushike maji kwa kutia kitu kizito lilianza na dekstrani kweli?

Halikuanza nayo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1916 na 1918, majeruhi wa Ulaya walitiwa mishipani maji ya chumvi yaliyokorogwa na gundi ya mti, takriban asilimia 6. Gundi hiyo ni ya jamii ya mgunga tunaouita kikwata. Hapo nilisisimka, kwa sababu gundi ya aina hiyo inakusanywa hadi leo Shinyanga, Tabora na Singida. Mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba mbuga zetu ziliwaokoa askari wa Ufaransa. Rekodi za biashara ya zama hizo zinaelekeza kwingine: gundi nzuri ya dunia ilitoka hasa Kordofan, Sudan. Njia ya pili ikafungwa, nami nikaiacha bila kinyongo. Baadaye ilionekana kwamba gundi inabaki kwenye ini kwa muda mrefu na kuwaletea wengine madhara, ikatupwa. Dawa ikatupwa, wazo likabaki. Ni wazo gani hilo lenye uhai mrefu kuliko dawa zake?

Mwaka 1896 mwanafiziolojia mmoja wa London alieleza kwamba ukuta wa mishipa midogo kabisa ya damu una mvutano. Msukumo wa damu unayatoa maji nje. Protini zilizomo ndani zinayavuta yarudi. Ukiongeza vitu vizito ndani, maji yanabaki. Hesabu iliyofundishwa baadaye vyuoni ikawa nyepesi kukariri: lita moja ya koloidi inafanya kazi ya lita tatu za chumvi. Mtu huyo huyo wa London ndiye aliyeeleza pia kwamba msuli wa moyo ukivutwa zaidi na damu inayoingia, unapiga kwa nguvu zaidi. Ziweke pamoja sheria hizo mbili: koloidi inabaki ndani, inaujaza moyo, moyo unapiga kwa nguvu, damu inakwenda mbali. Dresa wa Shinyanga hakuwa anasimulia uchawi. Alikuwa anasimulia kitabu. Basi tatizo liko wapi?

Liko kwenye kile ambacho damu imebeba. Moyo hausafirishi maji kwa ajili ya maji. Kinachohitajika mwisho wa safari ni oksijeni, na oksijeni hupanda himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu: gramu moja hubeba mililita 1.34 hivi. Kiasi kinachofika mwilini kwa dakika ni zao la mambo matatu: damu inayosukumwa na moyo, himoglobini iliyomo, na jinsi himoglobini hiyo ilivyojazwa oksijeni mapafuni. Dripu nzito inaweza kuongeza la kwanza. La pili inalifanyaje?

Tuchukue mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali, himoglobini gramu 5 kwa desilita. Watoto wa namna hii si wa kubuni Geita wala Shinyanga. Ana damu mililita 800 hivi, na ndani yake gramu 40 za himoglobini. Mpe kwa haraka mililita 20 za koloidi kwa kila kilo, yaani mililita 200. Ikikaa yote ndani ya mishipa kama kitabu kinavyosifu, gramu zile zile 40 sasa zinaogelea kwenye mililita 1,000. Himoglobini imeshuka hadi 4. Kila mililita 100 za damu, zilizokuwa na uwezo wa kubeba mililita 6.7 za oksijeni, sasa zinabeba 5.4. Ili mtoto arudi pale alipokuwa, si kupata nafuu, moyo wake lazima usukume damu robo zaidi. Na moyo huo ulikuwa tayari unakimbia. Je, sifa ya dripu nzito, kubaki ndani, ndiyo inayoifanya izimue damu kuliko chumvi?

Kwa hesabu ya karatasini, ndiyo. Lakini karatasi imewahi kunidanganya mimi na wengine, na upande wa pili una hoja zake. Damu iliyozimuliwa ni nyepesi, hupita kwa urahisi, na moyo wenye afya huongeza kasi ukafidia. Tena mwili haukai na ujazo ule: sehemu inachujwa, sehemu inavuja. Mgonjwa aliyepoteza maji mengi, kama wa kipindupindu, ana damu iliyokolea, naye kuzimuliwa ni uhai. Tangu 1832, huko Leith, Scotland, daktari alipotia maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa wa kipindupindu waliokuwa wanakauka, dripu ina ushahidi wake kwenye ugonjwa huo. Sasa karatasi mbili zinagombana. Ni nani alitoka ofisini akaenda kuhesabu wagonjwa?

Njia inatuvusha mpaka hadi Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya watoto wenye malaria kali na asidi nyingi kwenye damu. Waliopewa albumini walikufa asilimia 3.6, waliopewa maji ya chumvi, 18. Mwaka uliofuata albumini ililinganishwa na jelatini: kati ya 44 waliopewa albumini alifariki 1, kati ya 44 wa jelatini walifariki 7. Ukiishia hapo, wazee wa Shinyanga wameshinda, mradi dripu yao nzito iwe ile ya protini ya damu. Watu wengi waliishia hapo. Lakini idadi ni ndogo, na kasoro kubwa zaidi ni hii: kila mtoto kwenye vyumba vile alipewa maji fulani kwa haraka. Yuko wapi yule ambaye hakupewa?

Yuko kwenye utafiti ulioitwa FEAST. Ulianza Januari 2009 katika vituo sita: vinne Uganda, kimoja Kilifi, na kimoja hapa kwetu, Muheza, mkoani Tanga. Si Shinyanga, lakini wodi ni za kufanana: malaria, homa, upungufu wa damu, hakuna mashine ya kupumulia. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika waligawanywa kwa kura mafungu matatu. Fungu moja albumini kwa haraka. Moja chumvi kwa haraka. La tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Wote walipata dawa zao, oksijeni au damu walipohitaji, na dripu ya taratibu. Karibu theluthi moja waliingia na himoglobini chini ya 5. Wengi waliokuwa wakiufuatilia walitarajia fungu la tatu ndilo litakaloumia. Kwa nini basi Januari 2011 wasimamizi wake waliusimamisha kabla ya muda?

Kwa sababu waliokuwa wakipona zaidi ni wale wasiotarajiwa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, 10.5 ya waliopewa chumvi, na 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walikufa. Nzito na nyepesi zilikwenda sawa, kana kwamba Kilifi ya 2005 haikuwahi kuwapo. Nilirudia kusoma jedwali lile, nikatafuta mlango: labda wenye malaria? Labda wasio nayo? Labda wenye damu ya kutosha? Labda kituo kimoja kilikosea? Hakukuwa na fungu hata moja lililonufaika. Kama ni hivyo, yale mapigo ambayo dresa aliyasikia yakirudi yalikuwa ndoto?

Hapana, na hapa ndipo paliponifanya niiheshimu zaidi kumbukumbu yake. Uchambuzi uliofuata mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya saa moja, dalili za mshtuko zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 ya waliopewa maji ya haraka, na 32 tu ya wale wa fungu la tatu. Mapigo yalirudi kweli. Vidole havikudanganya. Kisha, ndani ya siku mbili, fungu lililopendeza saa ya kwanza ndilo lililozika watoto wengi zaidi. Muuguzi peke yake zamu ya usiku hawezi kuliona hilo. Anaona chupa, anaona mapigo, anafunga hesabu. Kinachoonekana kwa saa moja kinawezaje kugeuka hivyo kabla ya siku mbili kwisha?

Jibu lililoenea haraka lilikuwa kwamba maji yalijaa mapafuni na kuvimbisha ubongo. Ni jibu linaloingia akilini, na nililichukua kama mshukiwa wa kwanza. Lakini walioketi kupitia kifo kimoja kimoja, bila kujua mtoto alikuwa fungu lipi, walipata picha nyingine. Ziada kubwa ya vifo ilikuwa ya mzunguko wa damu kuporomoka: asilimia 4.6 kwa waliopewa maji ya haraka, 2.6 kwa wengine. Vya upumuaji vilikuwa 2.2 kwa 1.3; vya ubongo vilikaribiana. Moyo na mishipa, vile vile vilivyodaiwa kuinuliwa, ndivyo vilivyoanguka. Tuseme basi maji ni sumu ya moyo?

Hapo napo nasita. Mwaka 2019 data zile zile zilichambuliwa upya kwa njia nyingine, na yakatokea mambo kadhaa kwa pamoja: himoglobini ilishuka zaidi kwa waliopewa maji ya haraka, asidi itokanayo na kloridi ikaongezeka, upumuaji na fahamu vikazorota. Maji ya chumvi ya hospitali yana kloridi milimoli 154 kwa lita; damu ina takriban 100. Wapo pia wanaodhani kwamba mikono baridi na mapigo ya haraka ya mtoto mgonjwa ni ulinzi: mwili umefunga milango ya pembeni ili moyo na ubongo vipate, na maji ya ghafla yanaifungua. Dhana hiyo inapendeza mno, nami huiogopa dhana inayopendeza. Kuzimuliwa kwa damu kuna uthibitisho wa vipimo. Milango kufunguliwa ghafla kunabaki hoja. Na ule ukuta wa 1896, bado unasimama vile vile?

Hausimami vile vile. Ndani ya mishipa kuna utando laini wa sukari na protini, na utando huo ndio unaoshika maji zaidi ya ukuta wenyewe. Malaria kali na maambukizi ya damu huuchubua; kilichotakiwa kubaki ndani kinavuja. Hesabu ya moja kwa tatu nayo imepukutika. Utafiti wa Australia na New Zealand wa 2004, wenye wagonjwa 6,997 wa vyumba vya mahututi, ulionyesha uwiano wa albumini kwa chumvi ni karibu moja kwa moja na nusu, na vifo vilikuwa 726 kwa 729, tofauti isiyo na maana. Wanga ulikuwa na mwisho mbaya zaidi: mwaka 2012, Skandinavia, wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu waliopewa wanga walikufa asilimia 51 ndani ya siku 90, dhidi ya 43 ya wasiopewa, na figo zikaumia. Baadhi ya makala zilizousifia zilifutwa na majarida yaliyozichapisha. Lakini hizo ni hospitali za mashine na wataalamu kila kitanda. Mtu mzima wa kwetu, je?

Wa karibu zaidi yuko Lusaka, Zambia. Matokeo ya 2017 yalihusu watu wazima wenye maambukizi ya damu na shinikizo la chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Waliotundikiwa maji mengi ya kawaida, wastani wa lita 3.5 ndani ya saa sita, walifariki asilimia 48.1. Waliopata lita 2 walifariki 33.0. Mtu akiniambia FEAST ni ya watoto tu, ninamwelekeza Lusaka. Akiniambia basi dripu inaua, ninamrudisha kwenye kuhara, ambako FEAST haikugusa: watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuandikishwa. Mwongozo wa kimataifa wa 2016 ulibana mstari: mtoto mwenye dalili zote tatu, mikono na miguu ya baridi, ngozi inayochelewa kurudi rangi kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka, apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, lakini polepole, dakika 30 hadi 60. Mwenye upungufu mkali wa damu, damu. Ni nani kule machimboni anayehesabu sekunde hizo tatu?

Nilirudi Geita na swali hilo. Kwenye senta moja iliyozaliwa na rashi ya dhahabu, karasha zikiunguruma nyuma ya vibanda, duka la dawa muhimu lina chumba cha pazia na misumari miwili ukutani. Maduka hayo hayaruhusiwi kuchoma sindano, sembuse kutundika chupa. "Kaka, mtu akija hana nguvu anataka dripu," muuzaji aliniambia. "Nikimwambia akapime damu, anaenda duka la pili." Dripu yake ni chumvi na glukosi, nzito hajawahi kuiona. Imani ile ile ya dripu nzito imehamia kwenye nyepesi, bila hata ile hoja ya kubaki ndani. Anayelipa elfu kadhaa kwa chupa akiwa na himoglobini 6, ananunua nini?

Ananunua mapigo ya saa moja. Kinachobeba oksijeni kiko benki ya damu, na benki ya damu iko mbali na ndugu wa kuchangia. Hata damu yenyewe ina vipimo vyake: utafiti mkubwa wa Uganda na Malawi, uliotoka 2019, ulionyesha kwamba mtoto mwenye upungufu mkali wa damu asiye na homa alinufaika na mililita 30 kwa kilo, na mwenye homa alifanya vizuri zaidi kwa 20. Yaani kipimajoto cha bei ndogo kinaweza kuamua ujazo wa chupa. Vipimajoto vingapi vipo kwenye zahanati za njia ya Rwamgasa?

Nimebaki na mtu niliyeanza naye: yule wa kifusi. FEAST haina jibu lake, kwa kuwa majeruhi na walioungua waliachwa nje makusudi. Australia ina jibu la kipande chake kimoja: wagonjwa 460 wa majeraha ya ubongo walipofuatiliwa miezi 24, waliopewa albumini walifariki asilimia 33.2, wa chumvi 20.4. Duarani, matimba yakikatika, jiwe huangukia kichwa kabla ya mguu. Dripu nzito iliyotunzwa kwa ajili ya mahututi ingemkuta mtu huyo huyo asiyepaswa kuipata. Aliyepasuka paja na kuvuja damu anahitaji kubanwa jeraha, gari, na damu. Hakuna aliyewahi kugawanya kwa kura wachimbaji wa Geita na kuhesabu nani alifika hai hospitalini, aliyetundikiwa shimoni au aliyekimbizwa mkavu. Utafiti huo ukija, wachimbaji wenyewe watakubali fungu la tatu liwepo?